Mkaja wa Siku Arubaini

Mwanaesha wa Kaloleni alikuwa na tumbo ambalo mji mzima wa Voi ulishalizoea, isipokuwa yeye mwenyewe. Kwingine kote alikuwa mwembamba. Shingo ndefu, mikono mikavu ya fundi wa cherehani, miguu ya msichana. Ukimwona kwa nyuma ungedhani ni mwari anayetumwa dukani. Akigeuka, ungempisha njia kwa heshima na kumwombea dua ajifungue salama.

Na dua hiyo ilikuwa ikienda bure, kwa kuwa hakuwa na mimba. Ulikuwa mwaka wa tisini na sita, naye alikuwa amebakiza kidogo kutimiza miaka arubaini, na mimba yake ya mwisho aliibeba miaka mitano nyuma. Tumbo lilibaki palepale lilipoachwa. Ngozi ilikuwa imelegea, misuli ya ndani imeachana katikati. Akiketi linamlalia mapajani, akisimama linamtangulia. Watoto aliokuwa nao ni wasichana wawili, Husna na mdogo wake, wote wanasoma, na kwa sababu hiyo mji ulimwita Mama Husna.

Nitakuambia jambo ambalo majirani zake hawakulijua, na wangalilijua wangalilisema mpaka Maungu. Maji yakikatika Voi, na hukatika sana, wanawake hupanga mitungi kwenye bomba kabla jua halijawa kali. Wageni wa mji, wake za askari na wa wafanyakazi wa mkonge waliohamia juzi, wakimwona husema, "Mpisheni mama huyo, ana mzigo." Naye hupita. Hakani, hakubali, anapita tu na mitungi yake, macho chini, kama mtu mwenye adabu zake.

Ungesema ni ujanja wa kupata maji mapema, na mimi nilikuwa wa kwanza kusema hivyo. Lakini hayakuwa maji. Yalikuwa ni yale maneno. Akisikia "mpisheni mama", kwa muda wa kujaza mtungi mmoja anakuwa mtu anayetarajia, na akirudi nyumbani anatembea polepole ili hali ile isimtoke upesi. Kisha akifika ndani anajiangalia kwenye kioo cha kabati, anajichukia. Aliutaka mwili wake wa zamani. Na alikitaka kile ambacho watu walidhani kimo ndani ya huu wa sasa. Hayo mawili hayakai chungu kimoja, na yeye alikuwa akiyapika pamoja miaka mitano.

Mimba ile ya mwisho ilikuwa ya mtoto wa kiume, mkubwa wa mwili, aliyemvuta mamake ngozi mpaka ikang'aa. Alizaliwa salama. Bi Nasiha, shangazi yake Mwanaesha na mkandaji wa wazazi wote wa Kaloleni, alianza kazi yake siku ya pili. Akamkanda kwa maji moto, akamfunga mkaja. Mkaja ni ule ukanda mrefu wa kitambaa anaofungwa mwanamke aliyezaa, kutoka chini ya kifua hadi nyongani, ukakazwa mpaka pumzi iombe ruhusa. Hukaa nao siku arubaini. Hanyanyui ndoo, hashiki ufagio, anakunywa uji wa pilipili manga na kuhudumiwa kama bibi harusi. Wazee wetu walisema tumbo lililozaa ni nyumba iliyohamwa, usipofunga milango yake itaingia baridi.

Siku ya tano mtoto aliacha kunyonya. Ilipofika alasiri hakuwepo tena duniani. Wanaume walimchukua wakaenda kumzika kabla ya magharibi, na wanawake wakabaki nyumbani, kama ilivyo ada. Jina ambalo lingetajwa siku ya saba mbele ya watu, kwa ubani na halua, lilitajwa makaburini tu. Mwanaesha hakulisikia. Alijua litakuwa Mwinyihaji, jina la baba mkwe wake, kwa kuwa yeye na mumewe Sufian walishakubaliana. Lakini kujua jina ni kitu kimoja, na kulisikia likitajwa ni kingine.

Kesho yake Bi Nasiha alikuja na maji yake ya moto kama kawaida. Alimkuta Mwanaesha ameshaufungua mkaja mwenyewe na kuutupa chini ya kitanda.

"Usifanye hivyo, mwanangu," alisema. "Mkaja si wa mtoto. Ni wa mzazi."

"Basi kamfunge mwenye mtoto," Mwanaesha akamjibu.

Neno likishatoka halirudi. Bi Nasiha aliinama, akauokota mkaja, akaukung'uta, akaukunja, akaondoka nao chini ya buibui lake. Tangu siku hiyo walisalimiana, walipelekeana futari, walizikana na kuozana. Habari ya mkaja hakuna aliyeigusa tena. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na Mwanaesha aliuweka uchungu huo mahali ambapo kila mtu aliuona bila kuujua, mbele yake, chini ya kifua.

Pengine angekaa hivyo mpaka uzeeni, kama si Loise.

Loise alikuwa mkulima wa Sagalla, mwanamke mpole, mwimbaji wa kwaya ya kanisa lake, aliyeteremka mlimani na kitambaa cha kanzu za kwaya akitafuta fundi. Mwanaesha alikuwa anampima mabega, pini mdomoni, wakati tumbo lake lilipomgusa mgeni mkononi. Loise akatabasamu.

"Mama, hii yako iko mwezi wa ngapi sasa?"

Siku nyingine zote Mwanaesha angenyamaza, na kunyamaza si kusema uongo. Siku hiyo alizitoa pini mdomoni, akajisikia anasema, "Wa sita."

"Mungu ni mwema," Loise akasema. "Mimi nilikaa miaka mingi bila kupata, mpaka watu wakaacha kuniuliza. Nitakuombea."

Alipokuja kuchukua kanzu alileta boga na kunde mbichi, akamkataza kuinua chuma cha mkaa cha kupigia pasi. Mwanaesha alipokea boga, akapokea makatazo, na kwa siku kadhaa alikuwa na furaha ya kijinga ambayo hata binti zake waliiona. Alijiambia mwanamke huyu ana shamba, ana mlima wa kupanda, hatarudi leo wala kesho. Lakini njia ya mwongo ni fupi. Baada ya mavuno Loise alirudi, na mkononi alishika kofia ndogo ya sufu ya manjano, aliyoifuma mwenyewe.

"Mtoto ako wapi? Amelala?"

Hapakuwa na mtu mwingine dukani. Mwanaesha aliusimamisha mguu kwenye kanyagio la cherehani.

"Hakuna mtoto, Loise. Na mimba haikuwepo. Nalikudanganya."

Loise aliketi kwenye benchi la wateja. Aliliangalia tumbo, likiwa vilevile alivyoliacha. "Lakini kwa nini?"

"Uliniuliza vizuri," Mwanaesha akasema.

"Kanisa mzima imekuombea. Kila Jumapili, pasta anataja jina yako."

"Naomba unisamehe."

Loise hakuwa mtu wa kelele. Aliigeuza kofia kidoleni, kisha akaiweka juu ya cherehani, pembeni ya mkasi. "Hii sirudi nayo Sagalla," alisema. "Kichwa ya mtoto haiwezi kosa hapa Voi. Utampatia mtu." Akaondoka bila kuaga vibaya, na hilo ndilo lililomchoma Mwanaesha zaidi. Angetukanwa angepata pa kushikia.

Alilia siku ile mpaka akachoka, akanawa uso, akaenda posta kumpigia simu dada yake.

Nuha, dada yake mdogo, alikuwa ameolewa Maskati, na kwa miaka miwili alikuwa akimsihi akalikate tumbo lile. Kule, alisema, wanawake hufanyiwa kama kukata kucha. Gharama zote juu yake. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, sote twajua, lakini Nuha hakuwa ndugu wa methali. Alitaka dada yake avae gauni la kubana siku ya harusi ya Husna, ambaye hata mchumba hakuwa naye.

"Nimekubali," Mwanaesha alisema kwenye simu. "Nitakwenda kwa daktari Mombasa."

"Alhamdulillahi. Nini kimekubadilisha?"

"Nimechoka kuulizwa," akajibu, na huo ulikuwa ukweli uliogeuzwa ndani nje, kama nguo inayokaguliwa mshono.

Daktari aliyempata Mombasa aliitwa Obadiah, Mdawida kutoka Wundanyi, mwenye mikono midogo na maneno machache. Alimtaka apande kitandani na kufunua tumbo. Mwanaesha alisita. Mficha uchi hazai, alijikumbusha, kisha akaona hata methali inamcheka. Akafunua. Daktari alimwambia ainue kichwa bila kutumia mikono, akaingiza vidole katikati ya tumbo, vikazama pale ambapo misuli ilikuwa imeachana.

"Kuna upasuaji wa aina mbili," alisema walipokaa. "Kuna mdogo na kuna mkubwa. Mdogo nakata hapa chini tu, mkato mfupi kama wa mama aliyezalishwa kwa kisu. Natoa ngozi iliyozidi chini ya kitovu, nashona, basi. Mkubwa nakata kutoka nyonga hadi nyonga. Nafungua mpaka juu, naivuta misuli iliyoachana naishona pamoja, naishusha ngozi, nakata inayobaki. Hata kitovu nakitolea tundu jipya."

Mwanaesha alielewa kuliko daktari alivyotarajia. Mmoja ni kupandisha upindo. Wa pili ni kufumua gauni lote kiunoni. "Upi wanifaa mimi?"

"Kwa tumbo hili, mkubwa. Mdogo utapunguza ngozi, lakini misuli ikibaki wazi tumbo litabaki mbele. Sikudanganyi. Isipokuwa kuna jambo moja ni lazima nikuulize kwanza." Daktari aliiweka kalamu chini. "Bado unataka mtoto?"

Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza hivyo. Voi ilikuwa imemuuliza ana miezi mingapi, ana nini, anakula nini, kwa nini hafanyi mazoezi. Kama bado anataka, hapana.

"Nauliza kwa sababu mimba itafumua kazi yote ya upasuaji mkubwa," daktari akaendelea. "Ukiwa bado na nia, tufanye mdogo sasa. Mtoto akija, hasara si kubwa. Ukichagua mkubwa, basi iwe umeshamaliza kuzaa."

Miaka mitano Mwanaesha hakuwahi kujizuia na uzazi. Kila mwezi alingoja, na kila mwezi akaosha nguo zake kimyakimya na kurudi kwenye cherehani. Umri ulikuwa unamkimbia, alijua, lakini mlango usiofungwa ni mlango.

"Si lazima unijibu leo," daktari akasema. "Ila ujue na hili. Mkubwa una masharti. Utavaa mkanda wa tumbo wiki sita, usiku na mchana. Huinui ndoo, hufagii, huinami kwenye mashine. Lazima kuwe na mtu nyumbani wa kukutunza."

"Na mdogo?"

"Huo mwepesi. Wiki mbili tatu, na hata masharti si makali hivyo."

Alirudi Voi na swali lake, akaligawa kama mtu anayegawa sadaka ili limpungukie. Nuha, kwenye simu, hakufikiri hata kidogo: mkubwa, mtu hatii kiraka nguo ya sikukuu. Zipporah, aliyeuza mboga za Wundanyi mlango wa pili kutoka dukani kwake, alimwambia heri nusu shari kuliko shari kamili, na yeye kwa maoni yake hata hiyo nusu asingelipanda gari kwenda kuifuata. Walicheka wote wawili. Kisha Mwanaesha akabaki peke yake, na kicheko hakikumsaidia kitu.

Sufian, mumewe, alikuwa gadi wa treni za mizigo, mtu wa bendera na filimbi, aliyezoea kusema mambo kwa ishara na kuyaacha hapo. Mwanzo alisema, "Mwili ni wako." Hilo lilimuudhi Mwanaesha. Akambana. Alipobanwa sana akasema, "Ule mdogo."

"Kwa nini mdogo?"

"Basi tu."

Basi tu. Mke wa miaka kumi na minane hahitaji tafsiri. Alijua kwamba Sufian naye alikuwa ameuacha mlango wazi, na alikuwa akisikiliza kila mwezi kama yeye. Hapo uzito wa jambo lenyewe ukamwelemea. Akichagua mkubwa atakuwa amemfungia mumewe pia, kwa mkono wake. Akichagua mdogo atabaki na tumbo, apitishwe kwenye foleni za watu, aongope tena siku moja akiulizwa vizuri. Alijijua. Angeongopa.

Siku ya Ijumaa alikwenda kwa Bi Nasiha. Shangazi alikuwa barazani, mzee sasa, ungo mapajani, anachagua mchele. Mwanaesha alikuwa amekuja na ombi tu: kama atafanyiwa mkubwa, atahitaji mtu wa kukaa naye, na binti zake wana shule.

"Nielekeze masharti," Bi Nasiha alisema. "Nisije nikamharibia daktari kazi yake."

"Nisinyanyue ndoo," Mwanaesha akaanza. "Nisishike ufagio. Nile vya kunipa nguvu. Nioshwe na mtu. Nifungwe tumbo, usiku na mchana, nisiufungue mpaka..."

Alisimama hapo. Alikuwa amejisikia mwenyewe. Midomo yake ilikuwa inasoma masharti ya mzazi, moja baada ya jingine, na hakuna aliyemtuma.

Bi Nasiha hakuinua uso. Alitoa kijiwe kwenye mchele, akakitupa uani. "Mpaka lini?"

"Wiki sita, shangazi."

Bibi alihesabu kwa vidole vya mkono mmoja juu ya ungo. "Ni arubaini na mbili," alisema. "Daktari wako amekuzidishia siku mbili."

Mwanaesha alikaa pale barazani mpaka mchele ukaisha kuchaguliwa, akiutamani mkaja alioutupa mwenyewe. Si kiuno cha msichana alichokitamani, wala gauni la Nuha. Alizitamani zile siku arubaini alizozikata siku ya tano, zilizokuwa haki yake kwa kuwa alizaa, awe amebaki na mtoto au amebaki mikono mitupu. Miaka yote mitano alikuwa mzazi ambaye hakuhudumiwa.

Alimngoja Sufian arudi kutoka safari ya Taveta. Akamwekea chakula, akamwacha ale, akampa maji ya kunawa. Kisha akamwambia.

"Nitafanya ule mkubwa."

Sufian aliendelea kukausha mikono muda mrefu kuliko mikono ilivyohitaji.

"Najua maana yake," Mwanaesha akasema. "Najua nakufungia na wewe. Lakini naitaka arubaini yangu, baba Husna. Sikuimaliza."

"Mimi nalisema mdogo kwa ajili yako," Sufian alisema hatimaye. "Nalidhani bado wataka mtoto mwingine. Sikutaka niwe mimi wa kukukatiza tamaa."

"Na wewe wataka?"

Alifikiri. Alikuwa mtu mwaminifu, hata katika mambo ambayo uongo ungekuwa mwepesi. "Nimejiuliza sana njiani," alisema. "Mwingine, hapana. Mimi namtaka yuleyule."

Mwanaesha aliketi chini pale alipokuwa. Hilo ndilo lilikuwa jibu la swali la daktari, na lilikuwa limekaa nyumbani kwake miaka mitano, kwenye mdomo wa mtu mwingine. Yeye pia alimtaka yuleyule. Hata mimba ya uongo aliyomwambia Loise ilikuwa ya mtoto huyo. Na yule hakuna tumbo litakalomrudisha, liwe limeshonwa au limeachwa wazi.

"Nisimulie siku ile," alisema. "Kule mlikokwenda. Hujanisimulia."

"Hukuniuliza."

"Nakuuliza sasa."

Sufian alizungumza akitazama ukuta. Alisema kaburi lilikuwa fupi mno kiasi kwamba mchimbaji alimaliza kabla hawajafika. Alisema yeye ndiye aliyeshuka na mtoto humo, na alikuwa mwepesi, na masikio yake yalikuwa ya marehemu babu yake, yamesimama. Mwalimu wa msikitini alimuuliza, nani huyu, naye akajibu.

"Ulijibuje?"

"Mwinyihaji bin Sufian."

"Kwa sauti?"

"Kwa sauti. Wote walisikia."

"Mimi sikusikia," Mwanaesha alisema. Akalala kifudifudi kwenye mkeka, akalia kilio ambacho alipaswa kukilia miaka mitano nyuma, na Sufian akaketi karibu naye akamshika kisigino, kwa kuwa hakujua pengine pa kushika.

Upasuaji ulifanyika Mombasa na ulikwenda salama. Sitakusimulia maumivu yake. Aliyewahi kupasuliwa anayajua na asiyewahi hayamfai. Alirudi Voi ameinama kama bibi kizee, kashikwa huku na huku, na majirani wakajaa mlangoni kumwangalia. Wengine walisifu kabla hawajaona kitu. Siku ya kwanza aliyobaki peke yake chumbani alipeleka mkono chini ya kifua, mahali ambapo kwa miaka mkono wake ulipumzika bila kufikiri, akakuta hapana mtu wala mkunjo, ila mkanda mpana wa hospitali na ubapa chini yake. Alisikitika. Alilikumbuka tumbo lake kama mtu anavyomkumbuka mpangaji msumbufu aliyekaa siku nyingi. Hakujuta, ila alisikitika, na asije mtu akakuambia kwamba hayo ni yaleyale.

Bi Nasiha alikuja asubuhi iliyofuata. Mkono mmoja alishika chupa ya uji wa pilipili manga, na chini ya buibui alikuwa na kitu kilichokunjwa. Aliwatoa nje binti wote wawili, akafunga mlango, akakikunjua juu ya kitanda. Kilikuwa kitambaa cheupe kilichogeuka rangi ya maziwa kwa kufuliwa na kukaa, pembe zake zimekunjwa kwa uangalifu, na kilinukia udi.

"Nilikuwekea," alisema.

"Wakati wote huu?"

"Kwani nimpe nani? Kila mtu ana wake."

"Daktari amekataza kukaza juu ya mkanda wake, shangazi."

"Nani atakaza? Nitaufunga kwa adabu tu."

Akamsaidia kusimama. Akauzungusha mkaja juu ya mkanda wa daktari, taratibu, kuanzia chini ya kifua kushuka nyongani, mzunguko juu ya mzunguko, akisoma maneno yake ya siku zote chini ya pumzi, yaleyale aliyowasomea wazazi wote wa Kaloleni. Mikono ilikuwa imezeeka, lakini haikusahau njia. Mwanaesha alisimama ameshika nguzo ya kitanda, machozi yakimtoka bila sauti, na hakuyafuta.

Bi Nasiha aliufikisha mwisho wa kitambaa, akauchomeka ndani ubavuni. Akarudi nyuma hatua moja, akamtazama kama anavyotazamwa mwanamke aliyetoka uzazini. Kisha akamwita kwa jina ambalo hakuna mtu aliyewahi kumwita nalo.

"Mama Mwinyihaji."

Ilimchukua muda kujua ni yeye.

"Labeka," akaitika.